Madaftari ya Mwalimu Randa

Tulimwita Mwalimu Randa, na yeye alijua. Jina lilianzishwa na waliotutangulia, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kuingia darasani na randa ya kulainishia mbao mkononi kama mwingine anavyoingia na chaki. Kufikia zamu yetu lilikuwa limeota maana nyingine. Ukimpelekea uongo alikuwa anaupiga randa taratibu, swali baada ya swali, mpaka unabaki ukweli mwembamba umejikunja miguuni pako.

"Kazi hujaleta kwa nini?"

"Mwalimu, gundi haikukauka."

"Uliipaka lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Jana... leo asubuhi, Mwalimu."

Darasa linaangua kicheko, na yeye anacheka pia, kisha anakuambia nenda ukakae, kesho ulete. Hakuwa na fimbo. Sijawahi kumsikia akimtukana mtoto.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana, mtoto wa seremala. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, basi alipohitaji mtu wa kumshikia ubao upande wa pili alimwita yeye. "Alinifundisha kwa kukosa mtu," alikuwa akisema, "mimi nikajifunza kwa kupenda." Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole sana, na walikuwa na watoto pacha, ndiyo maana walimu wenzake walimwita Mama Pacha. Somo lake lilikuwa sanaa na ufundi, na ufalme wake ulikuwa karakana.

Karakana ilikuwa chumba kirefu mwishoni mwa shule, nyuma ya matangi ya maji. Meza sita nzito, kila moja na jiliwa lake la kubania kazi. Ukutani alikuwa amechora kwa rangi nyeupe umbo la kila kifaa: nyundo, koleo, tupa, misumeno. Kipindi kikiisha kifaa kinarudi juu ya umbo lake, na kikikosekana kimoja anasema, "Ukuta una pengo, hatutoki." Tulikuwa na mashine mbili za kutoboa. Moja ilikuwa nzima. Nyingine ilikuwa mgonjwa wa kudumu, leo imepata nafuu, kesho hoi.

Kilichomtofautisha na walimu wengine ni madaftari. Robo saa ya mwisho ya kila kipindi tuliweka vifaa chini tukaandika. Alitaka tuandike tulipokosea, tulichokiona tulipokosea, na tulivyojisikia. Alichotengeneza mtu, alisema, kipo mezani, haina haja ya kukiandika. Mara ya kwanza mimi niliandika: "Nimetengeneza kisanduku. Kisanduku ni kizuri." Daftari lilirudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Mbona kinayumba?"

Siku hiyohiyo alitukusanya, akakaa juu ya meza, jambo ambalo mwalimu mwingine asingelifanya, akasema:

"Humu hakuna maksi. Humu hakuna mkubwa. Atakayesoma ni mimi peke yangu. Si mzazi, si mkuu wa shule, si mwenzako wa dawati. Nawapa neno langu. Na ninyi nipeni ukweli wenu."

Tulimwamini. Na mtoto akishaamini hana breki. Tuliandika mambo ambayo hata mama zetu hatukuwaambia. Mmoja aliandika kwamba anaogopa sauti ya msumeno wa umeme kwa sababu inamkumbusha ajali ya kaka yake. Mwingine kwamba anapenda msasa kuliko watu. Yeye alijibu kila mmoja, mstari mmoja au miwili, na siku ya kurudishiwa madaftari kila mtu alikimbilia kona yake kusoma kama aliyepata barua.

Mimi walikuwa wananiita Domo, na sababu haina haja ya maelezo. Mwenzangu wa meza alikuwa msichana aliyeitwa Tepu. Alitembea na tepu ya kupimia mfukoni mwa sketi, akapima kila kitu: mlango, benchi, urefu wa kivuli changu. Baba yake alikuwa fundi wa madirisha ya chuma, na nusu ya nyumba za mtaa wetu zilifungwa madirisha yake. Fundi alikuwa na macho mabovu, hivyo ndivyo tulivyojua wote, na Tepu ndiye aliyemsomea vipimo kila alipotoka shule.

Muhula wa pili tulipewa kazi kubwa: jogoo wa bati. Ukizungusha mkono wa chuma ubavuni, jogoo anyooshe shingo na kufungua mdomo. Tulikata makopo ya mafuta, tukayanyoosha, tukayapaka rangi, tukatengeneza ndani yake magurudumu ya mbao. Jogoo wetu mimi na Tepu, badala ya kuwika, alikuwa anatikisa kichwa kama mzee aliyekataa kutoa mahari. Tulicheka mpaka machozi. Tepu hakukubali kumwacha hivyo. Alipima, akafungua, akapima tena, na wiki ya tatu jogoo akafungua mdomo. Nilipiga kelele mpaka darasa la jirani likatoa malalamiko.

Katikati ya kazi hiyo nilijikata kidole. Nilikuwa naigiza mwendo wa mkuu wa shule huku nimeshika msumeno, na msumeno ukateleza. Mwalimu Randa alinifunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akanipeleka kwa muuguzi mwenyewe. Niliporudi nikaandika: "Leo msumeno umenikata. Mwalimu akasema kosa ni lake kwa kuwa alikuwa amegeukia meza nyingine. Lakini si kweli. Kosa ni langu, nilikuwa nachekesha watu." Aliponirudishia alikuwa ameandika chini: "Asante kwa sentensi ya mwisho."

Wiki chache baadaye uliitishwa mkutano wa wazazi, Jumamosi asubuhi, na darasa letu likaambiwa lihudhurie. Tulikaa nyuma, wazazi mbele, walimu kwenye viti vya pembeni ukutani. Mkuu wa shule alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kupendeza, na mashati yake yalikuwa yamenyooka kama karatasi. Alianza kwa habari njema: shule imeahidiwa kompyuta ishirini. Watu wakapiga makofi. Kinachokosekana, akasema, ni chumba tu.

"Chumba tunacho," akaendelea, "ila kinatumika vibaya. Msinisikilize mimi. Wasikilizeni watoto wenu wenyewe."

Akatoa karatasi kwenye bahasha. Zilikuwa nakala za fotokopi, na hata kutoka nyuma niliona mwandiko wangu uliolala ubavu.

"Huyu mmoja anasema: 'Mashine imekufa tena. Tumekaa vipindi viwili tukingoja zamu.' Vipindi viwili, wazazi! Mwingine: 'Leo msumeno umenikata. Mwalimu akasema kosa ni lake.'" Akaweka karatasi chini. Akaishia hapo. Sentensi yangu ya mwisho hakuisoma.

Mama yangu aligeuka akanitazama kidole.

"Na badala ya masomo," mkuu akasema, sasa akitabasamu, "wanajifunza kuanika mambo ya nyumbani. Sikilizeni: 'Baba yangu ni fundi wa madirisha. Watu wanadhani ana macho mabovu, ndiyo maana namsomea tepu. Macho yake ni mazima. Namba ndizo hazijui. Nikiwa shule anapima kwa kamba, na fundo analofunga linakula nusu ya kidole. Ndiyo maana madirisha yake mengine hayafungi.'"

Hakutaja jina. Ya nini? Fundi wa madirisha mtaani kwetu alikuwa mmoja.

Kisha mama mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Kumbe! Ndiyo maana langu la jikoni!" Ukumbi mzima ukacheka. Si kicheko kibaya, ukiwauliza watakuambia walicheka tu. Baba yake Tepu alikuwa ameketi safu ya nne, katika shati lake la kutokea. Alisimama, akawaomba radhi majirani zake wa benchi ili apite, akatoka. Tepu hakugeuka kumwangalia. Alikuwa amekaa kama mtu aliyepigwa picha.

Mwalimu Randa alisimama pale pembeni. "Mkuu, hayo hayakuandikwa kwa ajili ya mkutano."

"Mwalimu, tafadhali, utapewa nafasi."

Hakupewa. Wazazi walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na karakana ikapitishwa kuwa chumba cha kompyuta kabla ya saa sita mchana.

Jumatatu tuliingia karakana bila salamu. Yeye alikuwa amesimama mbele, mikono mitupu. Tepu ndiye aliyeanza, naye hakuwa msemaji.

"Mwalimu, ulisema hakuna mwingine atakayesoma."

"Nilisema."

"Wamesoma."

"Wamesoma, mwanangu. Madaftari yalitoka mikononi mwangu. Kosa ni langu."

"Ulimpa nani?"

"Hilo niachieni mimi."

Kama angelia, labda tungemhurumia. Kama angejitetea, tungemsikiliza. Lakini jibu lile lilituingia kama mwiba. Tukajiambia: basi ameyatoa mwenyewe. Ameuza siri zetu apate sifa kwa mkuu, na biashara imemgeukia. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, "Randa na yeye ana uongo wa kupigwa randa." Wengine wakacheka. Alisikia.

Ilipofika robo saa ya mwisho alisema, kwa sauti ambayo mpaka leo naikumbuka, "Anayetaka kuandika aandike. Asiyetaka, basi." Tulinong'onezana kutoka meza hadi meza. Tulikuwa arobaini, na wote arobaini tuliandika sentensi moja, neno kwa neno: "Kazi ilikwenda vizuri. Namshukuru mwalimu." Wazo lilikuwa langu. Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya kurudishiwa nilifungua daftari kuona atasema nini. Hakukuwa na neno. Kulikuwa na alama ndogo ya vema, na wino ulikuwa umetanda mahali ambapo kalamu ilikaa muda mrefu.

Mwezi uliofuata meza zilitolewa nje kwa mikokoteni. Maumbo meupe ya ukutani yalipakwa rangi ya maziwa mara mbili, na bado ukitazama kwa ubavu uliyaona. Mwalimu Randa alipelekwa maktaba, akawa anagonga mihuri kwenye vitabu. Tukipishana naye koridoni tulimwamkia kwa midomo tu. Yeye aliitikia kila mmoja kwa jina.

Tepu aliacha kubeba tepu. Alinijibu nilipouliza, mara moja tu, kwamba baba yake hataki tena kusomewa.

Miezi ikapita. Siku moja nilikuwa kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa mhudumu wa ofisi palepale shuleni. Yeye ndiye aliyepika na kugawa chai ya walimu. Alikuwa anapiga pasi, mimi nimejilaza kwenye mkeka napiga domo, na nikasema, katikati ya habari nyingine, "Kama yule msaliti wa maktaba."

Shangazi akasimamisha pasi wima. "Nani msaliti?"

"Mwalimu Randa. Si ndiye aliyempa mkuu madaftari yetu?"

"Nani kakuambia?"

"Mwenyewe. Alisema yalitoka mikononi mwake."

"Na wewe hukuuliza yaliingia mikononi mwa nani." Akakaa. Shangazi yangu alikuwa na msemo wake, kwamba kazi yake shuleni ni chai, si maneno, na ndiyo maana alikuwa amenyamaza muda wote ule. Siku hiyo alisema yote.

Mwalimu Randa na mwalimu wetu wa jiografia, mwanamke mwenzake, walikuwa na meza mbili zinazogusana chumba cha walimu, miaka kumi na moja. Birika lao moja. Pacha walipozaliwa, mwalimu wa jiografia ndiye aliyelala hospitali naye. Wakiitana ni "shoga", kwa mapenzi, na mmoja akiumwa kichwa mwingine anameza dawa.

"Nilikuwa namimina chai," shangazi akasema, "nikamsikia yule wa jiografia: 'Shoga, niazime hayo madaftari nione watoto wanavyoandika. Na mimi nianzishe kwangu.' Mama Pacha akamwambia hapana, nimewaahidi. Mwenzake akacheka, akamshika bega. 'Kwani mimi ni mtu baki?' Basi. Kwa neno hilo moja akampa. Siku ya nne naingia kwa mkuu na sinia, nayaona madaftari mezani, yamewekwa vipande vya karatasi katikati ya kurasa. Jiografia anasoma, mkuu anachagua. Nikadhani ni kazi ya shule. Mimi najua nini?"

"Na baada ya mkutano?"

"Baada ya mkutano Mama Pacha aliingia, hakukaa. Akamuuliza, 'Ni wewe?' Yule akasema, 'Sikudanganya hata neno moja. Yote yameandikwa. Na wewe mwenyewe kila siku unalalamika mashine zimekufa.' Mama Pacha akamtazama, akamwambia, 'Nilikuwa nakulalamikia wewe.' Akachukua kikombe chake, akahamia meza ya dirishani. Ndiyo hivyo mpaka leo. Kikulacho, mwanangu... umalizie mwenyewe. Na chumba cha kompyuta msimamizi wake nani?"

Sikuhitaji kujibu. Mwalimu wa jiografia alikuwa na funguo zake kwenye kamba ya buluu shingoni.

Kesho yake nilimweleza Tepu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Twende." Nilidhani anakwenda kusamehe. Nilikuwa simjui.

Mwalimu Randa alikaa nyumba ya vyumba viwili, na sebule nusu ilikuwa ya mumewe, cherehani na vitambaa. Mumewe alitupisha, akatuambia karibuni wanangu, akachukua kazi yake akaenda kushonea pindo barazani. Mimi nilianza kuomba radhi kabla hata ya kukaa. Nilisema tulimdhania vibaya, nilisema ile sentensi ya watu arobaini ilikuwa yangu, nilisema tumejua ni nani.

"Sauti yako niliitambua kwenye sentensi zote arobaini," alisema, na kidogo akatabasamu. "Mbona mnaniomba radhi kana kwamba nimeonewa tu? Mwenzangu alinisaliti mimi. Ninyi niliwasaliti mimi. Yeye hakuwaahidi chochote."

"Lakini ungetutajia jina lake!"

"Ili iwe nini? Mumchukie yeye, mimi nipone? Ahadi ilikuwa yangu. Niliazimisha kitu kisicho changu kwa sababu niliona haya kumkatalia rafiki."

Tepu alikuwa bado amesimama mlangoni. "Ulikwenda kwa baba," alisema. Halikuwa swali.

"Mara tatu. Mara mbili za kwanza hakuinua kichwa, aliendelea kupiga tupa. Mara ya tatu akaniambia, 'Mwalimu, fundi anaishi kwa kuaminiwa. Umenivua nguo mbele ya wateja wangu.' Nikamwambia ni kweli. Sikuwa na la kuongeza."

"Kulikuwa na sentensi nyingine mwishoni," Tepu akasema. "Mkuu hakuisoma."

"Naikumbuka. 'Sijui nitamwambiaje bila kumuaibisha.'"

Tepu alisogea kutoka mlangoni. "Baba haamini kama niliiandika. Nimemwambia, haamini. Anasema ningekuwa nimeiandika, wangesoma."

Mwalimu Randa aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na daftari la Tepu. Alikuwa ameyadai yote kwa mkuu na akayapata siku ileile ya mkutano, na hili la Tepu alilihifadhi kwa kuwa mwenyewe aliliacha mezani karakana ilipofungwa. Alilifungua kwenye ukurasa ule na kumkabidhi. "Mpelekee. Hata kama itabidi umsomee."

"Herufi nazo hazijui. Nikimsomea atajuaje kwamba situngi?"

Tepu alilichukua daftari hata hivyo. Hakusema asante, hakusema nimekusamehe. Alisema, "Kwaheri, Mwalimu," akatoka, nami nikatoka nyuma yake. Njiani hatukuongea, na kwa mtu kama mimi hilo lilikuwa jambo.

Kama alimsomea baba yake au hakumsomea, hakuniambia kamwe. Najua kwamba fundi alihama mtaa mwaka huo, na Tepu akahamia shule nyingine. Siku hizi ana duka la vitambaa. Tunasalimiana. Habari za shule hatugusi.

Mwalimu Randa alikaa maktaba miaka miwili, kisha akaomba uhamisho. Alikohamishiwa kulikuwa na karakana ndogo, akafundisha hapo mpaka akastaafu. Mwanafunzi wake mmoja wa huko nimefanya naye kazi. Nilimuuliza kama walikuwa wakiandika kwenye madaftari. Akasema waliandika, lakini kila mtu alikwenda na daftari lake nyumbani. Mwalimu alilisoma mwenye daftari akiwa amesimama pembeni yake, kisha akamrudishia palepale.

Mwalimu wa jiografia nilikutana naye mwaka jana, kwenye foleni ya zahanati. Amezeeka, anatembelea fimbo. Alinitambua kabla sijamtambua, akaniuliza habari za wazazi, za kazi, za watoto. Kisha akaniuliza, akiangalia sakafu, "Na mwenzangu, hajambo?"

"Hajambo," nikamwambia.

"Ukimwona..." Akatafuta neno. Nilimngoja. Nilimngoja kwa moyo mmoja, maana nilidhani hatimaye linakuja. "Ukimwona, mwambie mimi sikusema uongo hata siku moja."

Nikamwambia nimesikia, mama. Nikanyanyuka nikaenda kungoja zamu yangu nje.